Chopa ya Dodoma saa tisa alasiri

Mhariri,

Ukiuliza helikopta inapanda hadi wapi, utatajiwa namba moja, na namba hiyo ndiyo inayowagombanisha waandaaji wa mikutano hapa Dodoma na rubani anayekataa abiria wa tano.

Ni kweli Mfaransa Jean Boulet alifika mita 12,442 mwaka 1972. Lakini alikuwa peke yake, chopa imevuliwa vifaa visivyo vya lazima, na injini ikamzimikia huko huko juu. Akateremka mapanga yakizungushwa na upepo tu. Hiyo si safari ya kupeleka wageni Kondoa.

Chopa ikiwa mwendoni, mapanga hukutana na hewa mpya kila wakati na injini hupumua. Kuning'inia mahali pamoja ndiko kunakokula nguvu, hasa ikiwa juu zaidi ya upana wa mapanga yake, kama mita 10 kwa chopa ndogo. Chini ya hapo ardhi huisaidia kuibeba. Ndiyo maana chopa inaweza kupita juu ya milima bila shida, kisha ikashindwa kutoka kwenye uwanja wa shule uliozungukwa na miti na nyaya za umeme.

Mbaya wetu ni hewa nyepesi. Mji uko karibu mita 1,120 juu ya bahari, na kwa kimo hicho hesabu za urubani huchukulia joto la nyuzi 8 hivi. Kila nyuzi inayozidi ni sawa na kupanda mita 37 zaidi. Kwa hiyo jua la nyuzi 32 linaifanya chopa ijione iko mita 2,000 kabla haijanyanyuka. Mapanga hayaongezewi mizunguko, ina kikomo. Rubani huongeza pembe ya panga ili lisukume hewa zaidi, injini inavuta hewa ile ile hafifu, na mshale wa joto la injini unagusa mstari mwekundu. Akilazimisha, mizunguko inashuka, pangaboi la mkia, linaloizuia chopa isijizungushe, linaishiwa nguvu, na pua inaanza kugeuka yenyewe huku pedali ya kuliongoza imekanyagwa hadi mwisho.

Basi ratiba ipangwe asubuhi, kabla ya saa nne. Abiria wapimwe kwa mizani, na mabegi na spika pia, maana kilo za kukisia huwa pungufu siku zote. Lita 100 za mafuta ni kama kilo 80, yaani mtu mzima mmoja. Kujaza tangi wakati safari ni ya nusu saa ni kumwacha mtu chini. Uwanja uwe na upande mmoja ulio wazi unaotazama upepo, chopa ipate kuondoka kwa kwenda mbele. Na vumbi limwagiwe maji mapema, si pale mapanga yanapoanza kusikika.

Mdau wa usafiri wa anga,
Kisasa, Dodoma