Kombati hizo 25 sizishoni

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Mwaka wa 34 huu nakaa baraza ile ile. Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua kwa jambo linalonikaa rohoni kila kampeni zinapokaribia, na ambalo mikono yangu mwenyewe imo ndani yake.

Mwaka 2010 walinijia vijana watatu wa chama kimoja cha siasa. Chama sikitaji, maana vyote nimevishonea, na kanga zao mke wangu anazo za kila rangi. Walitaka suti 20 za kombati: shati la mifuko miwili kifuani na vipande vya mabegani, suruali ya mifuko ya pembeni. Kitambaa walikuja nacho, na advansi taslimu. Nikauliza za nini. "Za vijana wa ulinzi, fundi. Kulinda viongozi na mikutano." Nikachukua tepu nikaanza kupima.

Mmoja wao kiuno chake nilikijua tangu hakijafika inchi 20. Kanzu yake ya kwanza ya chuoni nilimshonea mimi, na kaptula ya shule ya msingi pia, nikamwachia pindo refu ili akirefuka mama yake aje tuliteremshe. Alipovaa ile kombati alijitazama kwenye kioo changu chenye ufa, akavuta tumbo ndani, akainua kidevu. Kisha akamgeukia mwenzake: "Simama vizuri wewe!" Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana nguo ilikuwa imemkaa sawasawa.

Wiki chache baadaye napita na baiskeli karibu na mkutano wao, njia wameifunga kwa kamba. Kijana yule akanizuia, rungu kifuani. "Mzee, rudi." Hakuniita fundi. Shikamoo hakunipa, na mtoto wa Ngamiani kumnyima mtu mzima shikamoo ni jambo la kufuatiliwa mpaka kwao. Nikamwambia, "Mwanangu, ni mimi." Akatazama juu ya kichwa changu. Jioni ile wakampiga kijana wa upande wa pili aliyekatiza pale na fulana ya chama chake, wakamvunja mkono. Na mkono ule pia naujua, inchi 24 kutoka bega hadi kifundo, maana shati lake la harusi lilikuwa juu ya meza yangu. Ikabidi nilifumue, nipanue mkono mmoja ili plasta ipite. Aliolewa nalo hivyo hivyo, samahani, alioa nalo. Nimezeeka, kalamu si sindano.

Tangu hapo mimi hutazama nguo. Januari 6, 2021, Bunge la Marekani lilipovamiwa na watu kijiweni wamejazana mbele ya televisheni, wenzangu walitazama madirisha yakivunjwa. Mimi baadaye nilitazama picha za safu ya watu waliopanda ngazi katikati ya ile fujo, kila mmoja mkono begani kwa aliye mbele yake, helmeti, vizibao vya kijeshi, nembo. Hawakuwa jeshi la nchi. Walikuwa Oath Keepers, kikundi kilichoanzishwa 2009, ambacho kilipenda kuandikisha waliowahi kuwa askari na polisi. Bunduki walikuwa wameziweka hotelini Virginia, ng'ambo ya mto, zikisubiri kuitwa. Mkubwa wao, Stewart Rhodes, alifungwa miaka 18 mwaka 2023 kwa kula njama dhidi ya serikali, na Januari 2025 Rais Trump akamtoa. Kijiweni walicheka siku ile, "Leo nao!" Mimi kicheko hakikunitoka. Mshono ule naujua.

Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu wa historia, akaniongezea. Wale vijana wa Hitler wa mashati ya kahawia, waliokuwa wakipiga watu mitaani Ujerumani, mashati yao ya mwanzo yalikuwa mabaki ya Vita Kuu ya Kwanza, yaliyoagizwa kwa ajili ya askari wa makoloni ya Kijerumani Afrika. Yaani huku kwetu! Mji huu ulipiganiwa na Wajerumani na Waingereza Novemba 1914. Mashati hayakufika, yakauzwa bei ya kutupa, na watu waliokuwa wakipigana vilabuni kila mtu na shati lake wakawa kikosi.

Najua nitaambiwa sheria ipo. Ipo. Mwaka 2019 Sheria ya Vyama vya Siasa ilirekebishwa, ikakataza chama chochote kuunda kikundi cha ulinzi. Mwaka 2023 JWTZ ikatoa siku 7 kwa raia wenye sare za jeshi na zinazofanana nazo wazisalimishe; wiki ile nililetewa kofia, mabegi, hata kaptula ya mtoto ya mabaka, eti nizichome mimi kwa sababu nina pasi ya mkaa. Lakini kombati ya chama haina mabaka. Ni rangi moja ya dukani, hakuna wa kuikamata mpaka imevaliwa na watu 20 kwa pamoja, na hapo tayari wana rungu.

Wengine hunijibu kwamba nchi hii ina mgambo tangu zamani. Mgambo nimeupitia mimi, miaka ya 1980. Tulifunzwa na askari wa jeshi, bunduki zikihesabiwa kabla na baada, na mshauri wa mgambo ofisi yake kila mtu anaijua. Huyu wa rungu kifuani anajibu kwa nani? Kwa mwenyekiti wake wa kata. Na mwenyekiti akikataa matokeo?

Msajili wa Vyama asingoje mikutano ianze. Atume mtu apite barabara za Ngamiani miezi mitatu kabla, akae barazani na mafundi, anywe kahawa, aulize nani ameleta robota.

Kijana wangu yule sasa ana bodaboda na watoto wawili. Mama yake aliniletea ile kombati nitoe vipande vya mabegani, aivae shambani. Nimevitoa, ila matundu ya sindano hayajajifunga. Shikamoo ananipa, macho chini.

Mwezi uliopita wamekuja wengine, wa chama kingine. Suti 25. Nimerudisha advansi. Aliyeileta alishangaa: "Fundi, si nguo tu?" Akaondoka na hasira zake, kitambaa kakiacha. Nasikia fundi mwenzangu, barabara si mbali na yangu, amekubali kuzishona kwa bei ya chini. Robota lao liko chini ya meza yangu, mita 80 na kitu, halijaguswa. Walifuate mchana, baada ya Alasiri nafunga.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga