Nimeitazama The Da Vinci Code, na bado naimba kwaya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Jumamosi iliyopita kibanda umiza kimoja hapa Makole kilionyesha The Da Vinci Code, ile filamu ya Tom Hanks ya mwaka 2006, ikiwa imetiwa Kiswahili na DJ. Kesho yake baada ya ibada wazee wawili wa kanisa wakaniweka kati: nimesikika nikicheka humo ndani, mwanakwaya mzima! Mmoja akasema filamu hiyo inamtukana Bwana, kwa kudai alimwoa Maria Magdalena na kuzaa naye, na vibanda vinavyoionyesha vifungwe. Niliitikia "ndiyo, wazee" nikaondoka, maana mlangoni mwa kanisa si mahali pa kubishana na wakubwa.

Darasa la pili mwalimu wetu akisema "hadithi, hadithi", tuliitikia "hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea". Uongo tuliuita kwa jina lake, ukaja, tukaufurahia, na hakuna aliyerudi nyumbani akiamini sungura anaongea. Ndivyo nilivyokaa kwenye lile benchi. Mzee anauawa usiku ndani ya makumbusho ya Louvre, anaacha mafumbo, watu wanafukuzana kutoka Paris mpaka London. Pale wanapokimbia ni tamu kwelikweli. Pale wanapokaa kueleza historia, hata DJ alichoka, akaanza kuwasalimia mafundi wake.

Na historia yenyewe imejaa viraka. Ile Priory of Sion, chama cha siri cha kwenye filamu, inayodaiwa kuanza mwaka 1099 ilisajiliwa Ufaransa mwaka 1956 na bwana mmoja, Pierre Plantard. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, yaani mkutano wa maaskofu ambao kwenye filamu unadaiwa ndio uliomfanya Yesu kuwa Mungu, uliitishwa kwa sababu ya mafundisho ya Ario, padri aliyekana kwamba Kristo ni Mungu sawa na Baba. Wakristo walikuwa wakimwabudu Kristo tangu zamani. Ninachomlaumu Dan Brown, mwandishi wa riwaya iliyozaa filamu hii, ni kwamba ukurasa wa mwanzo anatangaza mambo kadhaa, likiwamo hilo la Priory, kuwa ni ukweli. Hapo hakutuachia nafasi ya kuitikia "uongo njoo".

Lakini mtoto wa jirani yangu, Mwislamu, tuliyekuwa naye, aliniuliza njiani: yule wa kuume kwa Yesu kwenye picha ya Karamu ya Mwisho, ile aliyoichora Leonardo da Vinci, ni mwanamke kweli kama filamu inavyodai? Tukasimama chini ya taa ya duka, tukaikuza picha kwenye simu. Nikamweleza kwamba ni Yohana, na wachoraji wa enzi za Leonardo walizoea kumchora kijana laini asiye na ndevu. Akauliza Yohana ni nani. Tulisimama pale mpaka mwenye duka akafunga. Katika miaka yangu yote ya kwaya hakuna aliyewahi kuniuliza habari za Injili kwa hamu namna ile.

Kilichonikera ni kitu kingine, na wazee wangu hawakukigusa. Muuaji wa filamu ile, mtawa Silas, ni mtu mwenye ualbino. Anaendesha gari usiku na kulenga bastola, wakati wengi wenye ualbino wana uoni hafifu. Huko Marekani labda ni kosa dogo la mtunzi. Hapa kwetu watu hao wamewindwa na kukatwa viungo, hasa Kanda ya Ziwa, halafu tunaletewa mmoja wao akiwa ndiye mwindaji. DJ naye kila Silas alipotokea alipaza sauti: "Zeruzeru huyo!" Vijana wakaangua kicheko. Nami nilicheka mara ya kwanza, nakiri.

Benchi la mbele alikaa kijana mwenye ualbino, kofia pana kichwani ingawa tulikuwa gizani. Alikuwa amelipa kiingilio kama sisi. Mara ya tatu au ya nne alisimama, akapita katikati yetu akisema "samahani, samahani", akatoka. Filamu ilikuwa haijafika nusu.

Msomaji wako,
Makole, Dodoma