Vidirisha vya boti: jua metali yake kabla hujasugua

Vidirisha vingi vya boti za tanga vinavyoletwa karakanani kwetu havikuharibiwa na bahari. Viliharibiwa na mwenye boti mwenyewe, kwa nia njema kabisa, akiwa na waya wa kusugulia sufuria mkononi.

Si kosa la ajabu. Fremu ikififia, mtu huona uchafu, na uchafu husuguliwa. Ila kinachoonekana pale juu hutegemea fremu ni ya metali gani. Bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, huvaa rangi ya kahawia, kisha kijani. Ngozi hiyo huikinga shaba iliyo chini yake. Brasi ni shaba na zinki, nayo hufifia upesi. Ikikaa na maji ya chumvi kwa muda mrefu, zinki huponyoka kidogo kidogo, ikabaki shaba yenye vinyweleo, rangi ya waridi, isiyo na nguvu. Alumini hutoa unga mweupe. Halafu kuna fremu zilizopakwa kromi: hapo mng'ao wote umo kwenye utando mwembamba, na ukishausugua ukaisha, hakuna dawa ya chupa itakayourudisha.

Kwa hiyo sisi huanza na sumaku. Ikinata, ndani kuna chuma, na dawa ya shaba iwekwe kando. Isiponata, tunafungua fremu na kukwangua alama ndogo upande wa nyuma, pasipoonekana. Njano ni brasi, wekundu wa kahawia mara nyingi ni bronzi. Nyeupe laini na nyepesi ni alumini; nyeupe ngumu huenda ni stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, maana aina zake nyingi hazivutwi na sumaku.

Kuifungua fremu kuna faida nyingine: kioo kinabaki salama. Siku hizi vioo vingi vya boti ni akriliki, yaani plastiki angavu, na akriliki haipatani na amonia, asetoni wala spiriti. Dawa nyingi za kung'arisha shaba zina amonia. Tone moja likitulia pembeni ya kioo, baadaye utaona vijistari kama nywele vikitambaa kuelekea katikati. Kama fremu haitoki, zungushia utepe wa karatasi kwenye kioo, na kwenye faiba au mbao pia, kwa sababu maji ya kijani yanayotiririka huacha doa baya.

Kwa brasi na bronzi tupu, kazi yenyewe haina siri. Osha chumvi kwa maji baridi na sabuni. Changanya siki, chumvi kidogo na unga wa ngano mpaka upate uji mzito, paka, subiri dakika 10 au 15, suuza. Kisha pitisha maji yenye soda ya kuokea kidogo ili kuua ukali wa siki, suuza tena, kausha papo hapo. Hapo kwenye dakika ndipo watu wanapoteleza. Tuliwahi kuletewa fremu nne za brasi zilizolala usiku kucha kwenye ndoo ya siki. Zilitoka safi, kweli, lakini zina rangi ya waridi kama ufizi, na ilitubidi kuanza na msasa wa maji namba 400, kisha 600, 800 na 1000, ndipo njano ikarudi.

Baada ya msasa ni gurudumu la pamba kwenye drili, mwendo wa polepole, na dawa ya kung'arishia kidogo tu. Ukiona inapata moto mkononi, umekandamiza mno. Vaa glavu na barakoa. Vumbi la shaba si la kuvuta. Na ule waya wa sufuria? Huacha chembe za chuma kwenye fremu, nazo hushika kutu yake nyekundu baada ya mvua chache.

Kromi na alumini tunaziosha kwa sabuni, tunazifuta kwa kitambaa laini, tunazipaka nta, basi. Alumini haipakwi siki, wala kitu chochote kikali.

Mwishoni watu huuliza kuhusu vanishi ya kukinga shaba. Upande wa ndani, sawa. Upande wa nje hatuipendekezi: ikipasuka mahali pamoja, unyevu huingia chini yake na fremu huota madoa ambayo huwezi kuyafikia bila kubandua vanishi yote. Nta inatosha, ukiirudia kila baada ya miezi michache. Na kama fremu zako ni bronzi, sisi wenyewe tungeng'arisha ndani tu na kuiacha nje na ukahawia wake.

Ukitaka tukufanyie, tutumie picha mbili: moja ya fremu kwa mbele, nyingine ya upande wa nyuma ikiwa unaweza kuufikia. Tuambie pia kama ule mpira wa kuzuia maji bado unabonyea ukiuminya kwa kidole. Ukiwa mgumu, tutaubadilisha fremu ikiwa tayari imefunguliwa, usije ukalipia kuifungua mara ya pili.