Kimbunga kipimwe kwa maji pia

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie desturi ya kutangaza ukali wa kimbunga kwa daraja la upepo peke yake, ilhali kinachoua wengi pwani ni bahari inayosukumwa nchi kavu. Mwaka 2005 kimbunga Katrina kiliingia pwani ya kusini mwa Marekani kikiwa cha daraja la 3 kati ya 5 za upepo, lakini sehemu za Mississippi zilifunikwa na maji yaliyopanda zaidi ya mita 8, kwa kuwa kimbunga kilikuwa kipana na bahari ya huko ina kina kifupi hadi mbali.

Watabiri hukokotoa njia nyingi zinazowezekana, kwani kimbunga kikipinda kidogo tu, ghuba iliyotazamiwa kufurika husalimika na ya jirani huzama. Saa nayo ni muhimu: maji yaleyale yakikutana na bamvua hupita juu ya ukuta ambao, bahari ikiwa imekupwa, yasingeufikia.

Tangu 2017 Marekani hutoa onyo mahsusi la mafuriko haya, na ramani zake huonyesha kimo cha maji juu ya ardhi. Nadhani mtu huhama upesi zaidi akiambiwa maji yatamfika kifuani kuliko akitajiwa daraja, basi magazeti nayo yaandike hivyo.

Msomaji wako