Mafundi, msiharakie kusema skrini imekufa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wenzangu wa huku pwani na hasa hapa Lamu. Mtu analetewa laptopu ya miaka ya tisini, anaiwasha, skrini nyeusi, basi hapo hapo anamwambia mwenyewe "hii skrini imekufa na spea hakuna". Sasa umepima na nini bwana? Hata tochi hukuwasha!

Manake zile za zamani kuna kioo kinachochora picha, kuna taa nyuma yake, alafu kuna bodi ndogo ya inveta inayopandisha umeme wa hiyo taa, na kila kimoja kina ugonjwa wake. Taa enzi hizo haikuwa LED, ni tubu nyembamba ya glasi inayotaka volti mia kadhaa, na wakati wa kuanza kuwaka yaweza kupita elfu moja, kwa hivyo inveta ikiwa na umeme usiishike shike. Chukua tochi ya simu mulika skrini kwa upande, ukiona maandishi hafifu jua kioo ni kizima, kilichokufa ni tubu au inveta. Usipoona kitu chomeka monita ya nje kwenye tundu la VGA, lile la kutoa picha nje, picha ikija huko bodi kubwa iko sawa. Ila si zote zina tundu, zile laptopu za Apple, PowerBook 140 na 170 za mwaka 1991 hazina kabisa, zile 160 na 180 za 1992 ndo zilikuja na tundu la picha, nalo si la VGA hasa, lataka adapta, so usiseme bodi imekufa eti kwa vile hukupata pa kuchomeka.

Na kabla ya yote hayo zungusha kinobu cha kontrasti!! Zile skrini za kabla ya TFT, yaani aina mpya zaidi iliyokuja kuzibadilisha, zinabadilika na joto, asubuhi zinasomeka vizuri, saa nane mchana za huku kwetu zimekuwa giza tupu, ukishusha kinobu maandishi yanarudi. Kuna mtu kalipishwa hela kwa jambo hilo, fundi simtaji.

Ugonjwa mkubwa lakini ni kapasita, vile vifaa vya kuhifadhi umeme kidogo kwenye bodi. Vile vikopo vidogo vilivyolehemiwa juu ya bodi, vya mwisho wa miaka ya 80 na mwanzo wa 90, vingi vinavuja, na yale maji yake yanakula njia za shaba pole pole, ndo unaona skrini inakuja kisha inafifia, au kontrasti haikai mahali pamoja hata ufanyeje. Fungua unuse. Hapa Lamu harufu ya samaki haimshtui mtu, ila ikitoka ndani ya laptopu shtuka, hiyo ni kapasita imevuja. Zitoe zote, safisha bodi kwa spiriti, weka mpya, na ukiweka za tantalamu, aina nyingine ya kapasita, fungua macho, kwa zile vikopo alama iliyochorwa ni upande wa hasi lakini kwa tantalamu ule mstari ni upande wa chanya, ukigeuza italipuka. Nimeona fundi mzoefu kabisa akichoma bodi nzima hivyo.

Ukinusa siki badala ya samaki hilo ni jambo jingine, ni ile karatasi ya plastiki iliyobandikwa juu ya kioo inaoza, joto na unyevu wetu unaiharakisha, inafanya viputo na madoa, dawa ni kuibandua ubandike nyingine, kazi ndefu ya kuchosha lakini yafanyika.

Mstari mmoja wima? Bonyeza fremu pole pole, huo mstari ukiondoka na kurudi tazama kebo na konekta kwanza, chumvi ya bahari haina huruma na vyuma. Usipobadilika kabisa basi mara nyingi ni pale kioo kinapoungana na vibodi vyake kwa gundi, na hapo nakubali wengi wetu tunashindwa.

Kama imeshindikana kweli mpe fundi aitoe spea, yupo mwenye mashine kama hiyo anatafuta kioo tu. Na ile tubu ina zebaki ndani, isivunjwe wala isichomwe jaani.

Fundi wa redio na kompyuta,
Langoni, Lamu