Risala ya Wanafunzi wa Fani ya Viatu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Chuo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na wageni waalikwa,

Karibu sana kwenye banda letu. Mwaka huu kila fani iliombwa kueleza maisha ya mtu aliyeikuza kazi yake. Sisi tumemchagua Shojiro Ishibashi wa Japani, aliyezaliwa mwaka 1889 katika mji wa Kurume, kisiwa cha Kyushu. Kwa Kijapani, ishi ni jiwe na bashi ni daraja. Alipoligeuza jina hilo na kulitia Kiingereza, likawa Bridgestone, na huenda hata gari lililokuleta linatembelea matairi yake.

Lakini Mheshimiwa, yeye hakuanza na matairi. Alianza na cherehani.

Mwaka 1906, akiwa na miaka 17, yeye na kaka yake walikabidhiwa duka la ushonaji la baba yao. Kaka akaitwa jeshini, duka likabaki mikononi mwa kijana. Akaamua washone kitu kimoja tu, tabi, yaani soksi nene za kitambaa zinazotenga kidole gumba. Akaanza pia kuwalipa mishahara wanagenzi, ambao kwa desturi ya wakati ule walifanya kazi bila ujira. Baba yake alimgombeza sana. Sisi wanagenzi wa leo habari hiyo imetugusa.

Vibarua wa siku hizo walivaa ndara za majani makavu ya mpunga. Jozi moja haikumaliza siku ya kazi, na kila siku kibarua alitoa fedha nyingine. Ishibashi akatia soli ya raba chini ya tabi. Mwanzoni soli zilishonwa, uzi ukalika, zikabanduka. Wakahamia kwenye gundi ya raba, na mwaka 1923 viatu hivyo, jikatabi, vikaingia sokoni.

Kosa hilo hilo tumelifanya hapa karakanani. Muhula wa kwanza tulishona soli kwa uzi wa nailoni. Wiki ya pili changarawe ilikuwa imeumaliza, na soli inapiga makofi kila hatua.

Viatu ndivyo vilivyozaa matairi. Tairi la kwanza lilitoka Aprili 1930, kampuni ikaanzishwa 1931. Matairi ya mwanzo yalikuwa na kasoro, naye alikwisha kuahidi kubadilisha bure litakaloharibika. Yakarudi kwa wingi, akabadilisha. Ahadi hiyo ndiyo tunayoiheshimu kuliko utajiri wake wote.

Mheshimiwa, ombi letu ni moja. Tunabandika soli kwa kuzikandamiza na mawe usiku kucha, na wanafunzi tuko wengi. Tunaomba utusaidie kupata mashine moja ya kubana soli.

Katambuga zilizo mezani mbele yako ni zawadi yako. Tumezikata kwenye tairi la lori, na mikanda yake imebandikwa na kupigwa misumari. Soli ikibanduka, tunaomba uzirudishe, tutakushonea nyingine bila malipo.

Tunaomba kuwasilisha.