Mtungi wa gesi usifungiwe kabatini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongee na mafundi, na wenye fleti, na zaidi wale wanaochora ramani za maghorofa hapa Dar es Salaam. Nimekaa na hili jambo tangu mwezi wa 11 na kila nikipita sehemu naona jengo jipya linapanda nawaza yaleyale, humo ndani mtungi wa gesi watauweka wapi?

Sisi tunaishi Upanga, ghorofa ya tatu, jengo la zamani. Jiko letu lina futi 7 kwa 9, dirisha moja, alafu kuna mlango mdogo wa kutokea kwenye kibalkoni ambacho ukipiga hatua mbili umefika mwisho. Kwa miaka yote mtungi wa kilo 15 ulikuwa unakaa chini kando ya huo mlango, kila mtu anauona, ukitaka kufunga unainama unafunga, basi. Makabati yalikuwa yameshaoza kwa maji ya sinki, mende wamejaa, marumaru za ukutani zinadondoka mojamoja, kwaiyo mwaka jana mimi na baba watoto tukakusanya hela tukasema sasa tutengeneze jiko.

Tukampata fundi, kijana mzuri tu kwa kazi ya mbao, sitamtaja na wala sina ugomvi naye. Alikuja na simu yake akatuonyesha picha za majiko ya kisasa, yote meupe, kaunta ya graniti kutoka ukuta hadi ukuta, hakuna kitu chochote kinachoonekana juu ya sakafu. Nikamuuliza mtungi uko wapi akasema mama, mtungi tunauficha ndani ya kabati la kona hutauona tena. Na mimi nikafurahi kabisa. Tukalipa adivansi, makabati yakatengenezwa Keko, vifaa vya sinki na bomba tukanunua Gerezani, kazi ikachukua wiki 5 na jumla yake ikafika milioni 4 na laki 2 ukijumlisha na fundi marumaru na fundi bomba.

Jiko likapendeza, nasema ukweli. Lakini siku ya kwanza mama mkwe alipokuja kutoka Tanga akasimama pale kwenye kaunta na kibao cha chapati, akasukuma moja, akasimama. Akaniambia "mwanangu, hapa nitasukuma kwa vidole tu, nguvu ya bega haifiki". Nikachukua futi nikapima, sentimita 94. Fundi alipima kwa urefu wake yeye na yeye ni mrefu, hakuna mtu aliyemwambia anayepika asimame pale kwanza ajaribu, hata mimi sikusema. Na mbuzi ya nazi ikakosa pa kukaa, kwasababu zamani sakafu ilikuwa na nafasi ya mtu kuketi akakuna nazi yake akiwa anaangalia sufuria, sasa nafasi yote imeliwa na makabati, mama akawa anakunia nazi sebuleni mbele ya tv na machicha yanadondoka kwenye zulia, yani anaona aibu kwenye nyumba ya mtoto wake mwenyewe. Hilo liliniuma.

Nina mpwa wangu anasoma mambo ya majengo Chuo Kikuu Ardhi, nilipomsimulia akaniambia kuna mama mmoja msanifu, Margarete Schütte-Lihotzky, mwaka 1926 alichora jiko dogo la fleti kwa ajili ya nyumba za watu wa kawaida kule Frankfurt Ujerumani, likajengwa kwenye nyumba kama elfu 10. Lilikuwa na mita 1.9 kwa 3.4, ukipiga hesabu halijazidi sana la kwangu. Lakini huyo mama kabla ya kuchora alikaa akahesabu mwanamke anapiga hatua ngapi kutoka kwenye jiko kwenda kwenye sinki kwenda kwenye meza, akaweka hata kiti cha kuzunguka ili mtu afanye kazi ameketi. Ameketi! Jambo ambalo bibi zetu wanalifanya kila siku kwenye mbuzi na kigoda, na sisi kwenye fleti tumelifuta.

Sasa nije kwenye gesi ambayo ndo imenifanya niandike.

Ilikuwa Jumapili jioni, umeme ulikuwa umekatika ukarudi. Dada anayetusaidia alikuwa anaosha vyombo akaniita, "mama kuna harufu kama ya yai viza, nimetafuta yai sijaliona". Mimi nilikuwa chumbani. Nilipofika mlangoni ile harufu ikanipiga na mkono wangu ulikuwa tayari unaenda kwenye swichi ya taa, baba watoto akapiga kelele kutoka sebuleni USIWASHE. Sijawahi kumsikia akipiga kelele namna ile. Tukafungua mlango wa balkoni na dirisha, nikapiga magoti kufungua kabati la kona ili nifunge mtungi, na hapo ndo nikaona tulichokifanya. Mbele ya mtungi kulikuwa na ndoo ya mchele, nyuma ya ndoo dumu la mafuta, mtungi wenyewe umesukumwa mpaka kwenye kona na regyuleta, kile kifungio cha gesi juu ya mtungi, imegeukia ukutani. Nilitoa ndoo, nikatoa dumu, nikaingiza mkono mpaka begani napapasa gizani natafuta pa kufungia. Sijui ilichukua dakika ngapi, mimi niliona kama saa nzima, na pembeni yangu friji inanguruma, na friji mnajua inajizima na kujiwasha yenyewe bila kumuuliza mtu.

Mungu alisaidia. Kesho yake tukamwita fundi gesi mwenyewe, mzee mmoja mtaratibu, akautoa mpira wote wa kupitishia gesi akaulaza mezani akapaka povu la sabuni. Sehemu moja, kama shibiri mbili kutoka kwenye jiko, povu likaanza kuvimba, kipovu kimoja kidogo kinakua, kinapasuka, kinakuja kingine. Akaukunja mpira pale tukaona mkato mwembamba kama umekatwa na wembe. Akaingia kabatini na tochi akatuita tuone. Mpira ulitobolewa njia kwenye mbao ukapita nyuma ya droo za vijiko, na kila tukifungua droo ile reli ya chuma inausugua mpira palepale. Miezi 3 tunafungua droo tunachukua kijiko tunakoroga chai, tunafunga, na kila mara tunaukata mpira kidogo.

Huyo mzee alitueleza mambo ambayo nadhani kila anayepikia gesi kwenye fleti angepaswa kuambiwa siku ananunua mtungi. Hii gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu kama moshi, inashuka inatandaa sakafuni na kujikusanya kwenye sehemu zilizozibwa. Kwaiyo lile feni la kutolea moshi tuliloweka juu kwa laki 1 na nusu halisaidii kitu kwenye gesi inayovuja, na ukiliwasha wakati gesi imejaa unaweza kuleta cheche. Na kabati lililofungwa pande zote mpaka chini ndo chombo kizuri kabisa cha kuitunzia, maana ndani ya mtungi gesi imegandamizwa ikawa maji, lita moja ya yale maji ikitoka inakuwa zaidi ya lita 200 za gesi. Ile harufu ya yai viza sio ya gesi, gesi yenyewe haina harufu, wanaitia kiwandani makusudi ili tusikie. Ukiifungia kabatini unachelewesha hata hiyo harufu kukufikia.

Sasa Mhariri, hapa Tanzania mwaka 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mpaka 2034, na lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka huo. Mimi naunga mkono kwa moyo wote, nimekulia kwenye moshi wa kuni, mama yangu mzazi anakohoa mpaka leo na najua kikohozi kile kimetoka wapi. Lakini lengo lile maana yake mitungi mingi zaidi inaingia kwenye majumba, na hapa mjini majumba yanazidi kwenda juu. Mtungi unapandishwa ngazi begani ghorofa ya nne ya tano, ukifika mlangoni hauna mahali pake. Nimeingia kwenye fleti mpya za ndugu na marafiki, tena za bei kubwa, unakuta kwenye ramani mchoraji ameweka mahali pa friji, pa mashine ya kufulia, pa mikrowevu, ila mahali pa mtungi hakuna. Fundi anajiongezea mwenyewe, na fundi akijiongeza jibu lake ni kabati.

Na sio mafundi peke yao. Tulipotaka kuutoa mtungi nje kwenye kibalkoni, kamati ya jengo letu ilikataa mara ya kwanza, wakasema mitungi kwenye balkoni inaharibu sura ya jengo na ukuta wa nje ni wa wote huwezi kutoboa bila ruhusa. Hilo la ruhusa ni kweli, ukimiliki fleti unamiliki chako cha ndani na kuta za nje ni mali ya pamoja, sibishi. Ila sura ya jengo? Nilienda kwenye kikao cha wakazi na ule mpira mkononi nikaupitisha kila mtu aushike aone mkato. Siku hiyohiyo wakakubali.

Sasa hivi mtungi wetu uko nje, umesimama wima kwenye kibanda cha nondo chenye uwazi chini na kipaa kidogo cha kuzuia jua, mbali na tundu la maji ya balkoni kwasababu yule mzee alisema gesi ikivuja inaweza kushuka na tundu hilo ikaenda kwa jirani wa chini. Bomba la shaba limepita ukutani, linaonekana lote, na ndani pale kwenye jiko kuna valvu nyekundu kwenye usawa wa mkono ambayo hata mwanangu wa darasa la 3 anajua kuifunga. Mpira uliobaki ni mfupi, haufiki mita moja, haupiti kwenye mbao yoyote, na tarehe yake tumeiandika ukutani kwa maka peni ili tujue wa kubadilisha lini. Yote hayo yalitugharimu kama laki 3 na nusu. Tungeyafanya toka mwanzo ingekuwa nusu ya hapo, maana marumaru zilivunjwa upya.

Lile kabati la kona tumelitoa mlango na ubao wa juu, tukashusha kaunta ya upande ule mpaka sentimita 80, na chini yake kuko wazi. Mama mkwe akija anaketi pale na mbuzi yake, miguu inaingia chini ya kaunta, nazi inakunwa jikoni tena. Nafasi imepungua ya kuhifadhia masufuria lakini yale makubwa ya shughuli tumeyatundika juu ukutani na hayamsumbui mtu.

Ombi langu ni kwa wanaopitisha ramani kwenye halmashauri, wasipitishe fleti ambayo jiko lake halina mahali pa mtungi nje ya nyumba na njia ya bomba ukutani. Na vyuo vya VETA ambavyo vinawafundisha maseremala na pia kuwapima na kuwapa vyeti wale waliojifunzia mtaani, waweke somo la gesi kwa fundi makabati, sio kwa fundi gesi peke yake, kwasababu anayeamua mpira upite wapi ni huyu mwenye drili. Kwa wauza gesi pia, yule kijana anayeleta mtungi na bodaboda anaingia jikoni kwetu kila mwezi, akikuta mtungi unaingizwa kabatini aseme.

Jirani yangu wa ghorofa ya pili ameanza kutengeneza jiko lake wiki iliyopita. Juzi nikasikia grenda, nikashuka kumsalimia, fremu za makabati zimeshasimama na kwenye ubao wa kona kuna tundu la duara limeshatobolewa, la kupitisha mpira, nyuma kabisa ya mahali pa droo. Nilipanda kwangu nikamletea ule mpira wetu wa zamani. Ameuacha pale juu ya meza ya fundi, na fundi anakuja Jumatatu.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama wa watoto watatu,
Upanga, Dar es Salaam